Taa ya Mtoto wa Ghuba ya Chole: Filamu za Vibonzo za Kijapani na Malezi ya Watoto Wetu



Kwa wale wasiokifahamu Kisiwa cha Mafia, Ghuba ya Chole ni mkono wa bahari uliozungukwa na visiwa. Upande mmoja kipo kijiji cha Utende katika kisiwa kikubwa. Upande wa pili vipo visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Maji yakijaa, mashua na ngalawa huvuka kwa tanga. Yakikupwa, mchanga hujitokeza na akina mama hushuka kuokota. Jua linapotua, popo wakubwa, jamaa ya popo wa Komoro, huiacha miti ya Chole na kuruka juu ya ghuba kwenda kutafuta matunda. Waamini wetu huko ni wachache: walimu, wauguzi, watumishi wa hoteli, wavuvi kutoka bara, na familia zao. Wanaishi kwa amani na majirani zao Waislamu, na padre akifika, Misa huadhimishwa sebuleni au chini ya mwembe.

Katika ziara mojawapo ya kichungaji, baada ya Misa, mama mmoja alitusogelea akiwa na mwanawe wa miaka minane. Alisubiri wenzake waondoke, kisha akasema: «Padre, nisaidie. Mwanangu haachi kuangalia katuni za Kijapani katika simu yangu. Zina mizimu, zina samaki anayegeuka kuwa mtoto. Sasa kila magharibi anachukua tochi, anakwenda ufukoni na kuwasha na kuzima akiielekeza baharini. Majirani wanasema ameingiliwa na kitu.»

Tulikuwa na haraka. Boti ya kurudi Nyamisati haimsubiri mtu. Tulimjibu kwa sentensi moja: «Mama, ifute hiyo filamu, na usali naye rozari jioni.» Tulimbariki mtoto kichwani, tukaondoka. Tunakiri leo mbele yenu kwamba jibu lile lilikuwa la kichungaji kwa sura tu. Hatukuuliza filamu ile ilihusu nini, wala hatukuuliza mtoto alikuwa akimulika nini baharini. Makala haya yametokana na kosa hilo. Tumeyaandika kwa ajili ya wazazi, makatekista na walimu wa dini ambao huulizwa swali lilelile nao hawajui waanzie wapi.

Filamu hizi ni zipi?

Wajapani huita filamu zao za vibonzo «anime». Mwaka 1963 msanii Osamu Tezuka alianza kuonesha katika televisheni ya Japani masimulizi ya mtoto wa roboti aliyeitwa Astro Boy, na tangu hapo sanaa hiyo imeenea duniani kote. Ndani yake zimo aina nyingi: za michezo, za vita, za vichekesho, za mapenzi, na zile zinazotuhusu hapa, yaani hadithi za safari na maajabu, ambamo mtoto au kijana huvuka mpaka wa dunia aliyoizoea na kuingia katika dunia nyingine.

Katika aina hii, jina linalojulikana kuliko mengine ni Hayao Miyazaki, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1941. Mwaka 1985 yeye na mwenzake Isao Takahata walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Studio Ghibli. Msomaji wa pwani atapenda kujua asili ya jina hilo. Miyazaki, mpenzi wa ndege, alilichukua kutoka ndege ya Kiitaliano, na Waitaliano nao walikuwa wameiita ndege yao kwa jina la upepo wa joto unaovuma kutoka jangwa la Libya. Neno hilo la Kiarabu lina shina moja na neno «kibla», ambalo kila mtoto wa Mafia analijua. Basi jina la studio ya Tokyo lina mzizi uliokwisha kufika pwani yetu karne nyingi zilizopita.

Studio hiyo imetoa filamu kama My Neighbor Totoro (1988), Kiki's Delivery Service (1989), Princess Mononoke (1997), Spirited Away (2001), Howl's Moving Castle (2004) na Ponyo (2008). Spirited Away ilipata tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin mwaka 2002, na mwaka 2003 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya vibonzo. Miyazaki aliipata tena Oscar hiyo mwaka 2024 kwa The Boy and the Heron, akiwa na umri wa miaka 83.

Kwetu, filamu za kigeni zilizoea kutazamwa katika vibanda umiza, kwenye benchi za mbao, huku msimulizi akizitafsiri kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, Kenya inamjua DJ Afro. Leo simu janja na kadi ndogo ya kumbukumbu vimekifanya kibanda kiingie mfukoni. Mtoto wa Chole hahitaji tena kuvuka maji kwenda Kilindoni ili aone filamu. Filamu humfuata chini ya chandarua. Jambo hili ni jema na ni la hatari kwa wakati mmoja. Katika kibanda watu walitazama pamoja, wakacheka na kubishana pamoja. Chini ya chandarua mtoto hutazama peke yake.

Kwa nini zinawavuta watoto?

Baada ya kurudi kutoka Mafia tulifanya tulilopaswa kulifanya kabla ya kujibu: tulizitazama. Tulizitazama usiku, baada ya Masifu ya Jioni, kwanza kwa nia ya kutafuta kasoro, baadaye kwa sababu nyingine. Hapa tunaeleza tulichokiona.

Kwanza, mtoto katika filamu hizi anafanya kazi. Katika Spirited Away, msichana wa miaka kumi aitwaye Chihiro anapotea na wazazi wake katika mji wa mizimu. Baba na mama wanakula kwa pupa chakula kisicho chao, wakageuka nguruwe. Chihiro hapewi upanga wala nguvu za ajabu. Anapewa ufagio na ndoo: anasugua mabeseni katika nyumba ya kuogea, anabeba makaa ya mawe, anaamka akiwa amechoka. Anawaokoa wazazi wake kwa uvumilivu, adabu na ukweli. Mtoto wa Ghuba ya Chole, anayechota maji kabla ya shule na kumsaidia mama kuanika dagaa, anamtambua Chihiro mara moja. Filamu nyingi humwonesha mtoto kama mtu wa kuburudishwa. Hizi humwonesha kama mtu anayetegemewa, na mtoto hupenda kutegemewa kuliko tunavyodhani.

Pili, jina. Katika filamu hiyohiyo, mchawi Yubaba humnyang'anya Chihiro jina lake na kumwita Sen. Akilisahau jina lake la kweli, hatarudi nyumbani kamwe. Rafiki yake Haku amekwisha kulisahau lake, na kwa sababu hiyo ni mtumwa. Hapa padre hawezi kutazama kama mtazamaji wa kawaida. Swali la kwanza tunalowauliza wazazi mlangoni mwa kanisa siku ya Ubatizo ni jina walilompa mtoto. Nabii Isaya, katika sura ya 43, anatufundisha kwamba Mungu amemwita kila mmoja kwa jina lake na kumfanya kuwa wake. Na Yohane, katika sura ya 10, anatuonesha Mchungaji anayewaita kondoo wake mmojammoja kwa majina. Pwani yetu inajua pia maana ya watu kunyang'anywa majina: Bagamoyo na Kilwa zilishuhudia maelfu wakipelekwa sokoni bila jina lolote isipokuwa bei. Mtoto anayetazama hadithi ya jina lililoibiwa na kurudishwa anafundishwa, bila yeye kujua, kwamba mtu hawezi kuwa bidhaa.

Tatu, viumbe vina uzito. Katika Spirited Away mgeni mchafu, mwenye harufu isiyovumilika, anaingia kuoga. Chihiro anamvuta mwiba uliomchoma ubavuni, na kumbe si mwiba bali ni baiskeli, na nyuma yake yanamwagika matakataka ya kila namna. Mgeni yule alikuwa mto uliochafuliwa na wanadamu. Katika Ponyo, wavu unakokota takataka kutoka chini ya bahari pamoja na samaki. Watu wa Ghuba ya Chole hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Wazee wanakumbuka milipuko ya baruti iliyoua samaki wakubwa na mayai yao pamoja, na matumbawe yaliyovunjwa kwa ajili ya chokaa na ujenzi. Ni kwa sababu ya maumivu ya namna hiyo Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa na eneo la kilometa za mraba 822. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Mvuvi aliyelipua mwamba jana ndiye anayerudi na dema tupu leo.

Nne, kimya. Filamu nyingi za watoto zina kelele kuanzia mwanzo hadi mwisho, kana kwamba mtengenezaji anaogopa mtoto ataondoka. Miyazaki huacha nafasi ambamo hakuna kinachotokea: msichana ameketi katika treni inayopita juu ya maji, anatazama nje, basi. Wajapani wana neno kwa nafasi hiyo, «ma», ule utupu kati ya tendo na tendo unaolipa tendo maana. Sisi tuliolelewa katika liturujia tunalijua jambo hilo. Kimya baada ya Komunyo ni sehemu ya sala, wala si mapengo yanayongoja kuzibwa na kwaya.

Tano, kazi ya mikono. Filamu ya Ponyo ilitengenezwa kwa picha takriban 170,000 zilizochorwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, na mawimbi yake yamechorwa kama katika daftari la mtoto. Katika kisiwa cha Chole mafundi bado huchonga mashua kwa tezo na msumeno, hupima kwa jicho, hutia kalafati kati ya mbao na kupaka sifa. Mtoto aliyekua akimtazama fundi huyo anajua, hata asipoweza kueleza, tofauti kati ya kitu kilichofanywa kwa upendo na kitu kilichofanywa kwa haraka.

Laana ya Kua na laana ya Ashitaka

Iko sababu ya sita, nayo inahitaji nafasi yake. Filamu hizi hazimwoneshi adui kama shetani mtupu wala rafiki kama malaika mtupu.

Katika kisiwa cha Juani, ng'ambo ya maji kutoka Chole, yapo magofu ya mji wa Kua. Historia inasema mji huo ulivamiwa na kuangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini wazee husimulia habari nyingine, ya kale zaidi, na watoto huisikia usiku. Wanasema watu wa Kisimani, mji uliokuwa ncha ya magharibi ya Mafia, walijenga jahazi kubwa. Siku ya kulishusha majini waliwaalika watu wa Kua kwenye karamu, kisha wakawachukua watoto wa wageni wao kwa siri, wakawalaza mchangani, na jahazi likapita juu yao kuingia baharini. Watu wa Kua walinyamaza. Miaka ikapita. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani kwenye arusi, wakawaketisha katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, na walipokuwa wakila, mlango ukajengwa kwa mawe. Hakuna aliyetoka.

Wenye elimu watabishana kuhusu ukweli wa kila sehemu ya masimulizi haya. Ukweli wake wa ndani hauna ubishi: kisasi hungoja, huvaa nguo za arusi, na mwisho wake ni magofu.

Sasa tuitazame Princess Mononoke. Kijana Ashitaka anakilinda kijiji chake dhidi ya nguruwe mwitu mkubwa aliyejaa chuki, na katika mapambano anapata laana mkononi. Ndani ya mnyama inakutwa risasi ya chuma. Anasafiri kutafuta chanzo chake, anafika katika mji wa wafua chuma unaotawaliwa na mwanamke aitwaye Eboshi. Huyu ndiye aliyefyatua risasi. Huyu anaufyeka msitu. Lakini pia amewanunua wanawake kutoka nyumba za ukahaba na kuwapa kazi ya heshima, na huwaosha na kuwafunga vidonda wakoma ambao hakuna mwingine aliyewagusa. Mtoto anayetazama hawezi kumchukia kwa moyo mzima. Analazimika kufikiri. Na laana iliyo mkononi mwa Ashitaka humpa nguvu kila anapokasirika, huku ikimla. Mahubiri mangapi yetu juu ya hasira yameeleweka vizuri namna hiyo?

Hapa tuwe waangalifu. Mafundisho ya Kanisa hayasemi kwamba wema na ubaya ni rangi moja. Dhambi ni dhambi, na watoto waliolazwa chini ya jahazi hawana kisingizio cha kuwatetea wauaji wao. Bali Kristo ametufundisha kutenganisha dhambi na mwenye dhambi, na kumwombea anayetuudhi. Hadithi inayomfundisha mtoto kumwona adui yake kuwa mtu imefanya kazi ya kulima shamba. Kupanda mbegu ya Injili ni juu yetu.

Je, mizimu ile si hatari kwa imani?

Hili ndilo swali la yule mama, na tusilikwepe. Filamu za Miyazaki zimechota sana katika imani za jadi za Japani, ambamo mto, mti mkubwa na mlima huhesabiwa kuwa makao ya nguvu ziitwazo «kami». Mkristo hawezi kuabudu mto. Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya kwanza, kimelikata jambo hili tangu awali: hata jua na mwezi, ambavyo mataifa yaliviabudu, vimewekwa kama taa tu, kazi ya mikono ya Muumba.

Hata hivyo, ziko hatua mbili ambazo mara nyingi tunaziruka. Kwanza, hadithi si ibada. Bibi zetu walitusimulia habari za sungura anayesema na zimwi linalomeza kijiji kizima, na hakuna aliyetoka pale akimwabudu sungura. Mtoto mwenye akili timamu anajua zaidi yetu mpaka wa «paukwa, pakawa». Pili, kosa la kuabudu kiumbe halisahihishwi kwa kukidharau kiumbe. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliyaita maji dada na upepo kaka, naye hakuwa mpagani. Aliviheshimu viumbe kwa sababu alimjua Baba yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, unatuelekeza tusikatae chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini nyingine, huku tukiendelea kumtangaza Kristo.

Inafaa pia kukumbuka kwamba Japani si nchi ngeni kwa Kanisa, wala kwa pwani hii. Mtakatifu Fransisko Ksaveri, akiwa njiani kwenda Goa, alipita katika maji yetu na kutia nanga Malindi mwaka 1542. Miaka saba baadaye, tarehe 15 Agosti 1549, alifika Kagoshima na kuanza kuihubiri Injili kwa Wajapani, watu ambao aliwasifu mno katika barua zake. Tarehe 5 Februari 1597, Paulo Miki na wenzake 25 walisulubiwa Nagasaki kwa ajili ya imani. Wazazi wakitaka kumweleza mtoto habari za Japani, waanze hapo.

Hatari iliyopo ni nyingine, na tunaitaja bila kuficha. Neno «anime» halimaanishi «kwa ajili ya watoto». Zipo nyingi zilizojaa damu, na zipo za uchafu wa mwili ambazo hata mtu mzima hapaswi kuzitazama. Hata Princess Mononoke, pamoja na uzuri wake, ina vichwa na mikono inayokatwa. Haimfai mtoto mdogo. Mzazi anayesema «ni katuni tu» na kumwachia mtoto simu hana tofauti na mzazi anayesema «ni maji tu» na kumwachia mtoto ngalawa.

Kanisa limefundisha nini?

Kanisa halijaiogopa filamu, wala halijaipokea kwa macho yaliyofumbwa. Papa Pius wa 11 aliandika waraka Vigilanti Cura mwaka 1936, akiangalia madhara na manufaa ya sinema. Papa Pius wa 12, katika Miranda Prorsus ya mwaka 1957, alihimiza watazamaji wafundishwe namna ya kutazama. Mtaguso, katika hati Inter Mirifica ya mwaka 1963, uliwakumbusha wazazi wajibu wao wa kulinda mlango wa nyumba. Na mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani ya pekee. Ndani yake ilikuwamo filamu ya vibonzo, Fantasia ya mwaka 1940. Kwa hiyo katekista anayesema kwamba vibonzo ni upuuzi usiostahili kujadiliwa na Mkristo, hasemi kwa niaba ya Kanisa.

Kutokana na mafundisho hayo, na kutokana na kosa letu wenyewe, tunawashauri wazazi mambo manne. La kwanza, tazameni kabla ya kuruhusu, na tazameni kabla ya kukataza. La pili, tazameni pamoja na mtoto, angalau mara moja kwa wiki, katika kioo kimoja, taa ya chumba ikiwaka. La tatu, filamu ikiisha muulizeni maswali, msimhubirie: nani alikosea, nani alisamehe, wewe ungefanya nini? La nne, msikilizeni mtoto anaporudia filamu ileile mara nyingi. Mtoto anayerudia hadithi moja mara kumi anatafuta kitu ndani yake, na mara nyingi kitu hicho hakihusiani na Japani hata kidogo.

Tochi

Miezi kadhaa baadaye, mwezi wa Novemba, tulirudi Mafia. Wakati huo tulikuwa tumekwisha kuitazama Ponyo. Kwa asiyeijua, ni hadithi ya mtoto wa miaka mitano, Sosuke, anayeishi na mama yake juu ya jabali kando ya bahari. Baba yake ni nahodha. Usiku mmoja baba anashindwa kuja nyumbani, meli yake inapita mbali, na mtoto anasimama juu ya jabali akiwasha na kuzima taa ili kuzungumza naye. Kutoka gizani, meli inajibu kwa taa. Baadaye bahari inafurika na kumeza barabara na nyumba, kama ilivyotokea kweli tarehe 26 Desemba 2004, ambapo mawimbi kutoka Asia yaliua watu hata katika pwani ya Tanzania. Lakini katika filamu baba anarudi.

Tulipofika katika tukio lile la taa, tulisimamisha filamu. Tulikuwa tumekumbuka neno ambalo mama yule alilisema mwishoni, tukiwa tumekwisha kugeuka kwenda botini: kwamba mumewe, mzaliwa wa Ukerewe aliyezoea Ziwa Viktoria na kuja kujaribu bahati katika maji ya chumvi, alitoka na chombo wakati wa kusi na hakuonekana tena.

Tulimkuta mama huyo, tukamwomba radhi. Alituambia kwamba alitii: aliifuta filamu. Mtoto hakulia, hakugomba. Aliacha tu kuzungumza wakati wa jioni. Tuliketi naye barazani. Tulimwambia kwamba tumeiona Ponyo, na kwamba tumempenda Sosuke. Alitutazama kwa muda, akauliza: «Padre, umeona alivyokuwa akiwasha?» Tukasema tumeona. Akasema: «Mimi nawasha, lakini baba hajibu. Labda betri yake imeisha.»

Hatukuwa na mahubiri ya kumjibu. Kwa kuwa mwili haukupatikana, familia ile haikuwahi kuomba Misa ya marehemu. Mama aliona kwamba kuomba Misa ni kumzika mumewe kwa mikono yake mwenyewe. Tulizungumza naye usiku ule hadi popo walipokwisha kuvuka. Kesho yake tuliadhimisha Misa ufukoni, maji yakiwa yamejaa. Majirani Waislamu walikuja, wakaketi nyuma kwa heshima. Mzee mmoja alileta mkeka. Jina la marehemu lilitajwa kwa sauti, jina lake lote, la Ubatizo na la ukoo. Mtoto ndiye aliyeishika mishumaa. Tulimweleza kwamba sisi Wakristo pia tunawasha taa kwa ajili ya walio mbali, na kwamba jibu lake halionekani kwa macho haya, lakini lipo Anayeiona taa kutoka kila upande wa bahari.

Mama ameturuhusu tuandike haya bila kutaja majina. Anasema filamu imerudi katika simu, na sasa huitazama pamoja. Jioni nyingine mtoto bado huchukua tochi. Majirani hawasemi tena kwamba ameingiliwa. Wamejua anamulika nini. Mama humwacha amulike, kisha humwita ndani, na wanasali fumbo moja la rozari kabla ya kulala.

Raha ya milele umpe, ee Bwana, yeye na wote waliochukuliwa na bahari. Nanyi wazazi, kabla ya kufuta, ulizeni.